Mtungi ni mbao, chemchemi ni bei gani?

Wewe wa Malindi, Watamu ama Kilifi mjini, jibu swali moja kabla hujaendelea: maji uliyooga leo yametoka wapi? Usiniambie "mferejini". Usiniambie pia "kwa yule jamaa wa mkokoteni". Yeye naye ameyajaza mahali.

Mengi yanatoka Baricho. Kuna visima virefu kando ya mto Sabaki, na pampu zinazosukuma maji hadi Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Maji ya mto hupenya kwenye mchanga kwanza, kisha ndio yafike kisimani. Mchanga huo unachuja usiku na mchana bila mshahara wala likizo.

Sasa panda juu kidogo. Sabaki ndio huohuo Galana, na Galana huzaliwa pale mto Athi unapokutana na mto Tsavo. Athi unatoka upande wa Nairobi, unapita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, na umebeba taka za jiji. Tsavo ni habari nyingine kabisa. Huo unalishwa na chemchemi za Mzima, maji maangavu hadi unamwona kiboko akitembea chini. Kiangazi kikikaza na vijito vya huko vikibaki mchanga mtupu, Mzima inaendelea kububujika.

Mzima nayo inalishwa na Vilima vya Chyulu. Ni vilima vya volkeno, na mawe yake yana vitundu kama sponji. Mvua na ukungu vinanaswa na msitu wa juu, maji yanazama, yanasafiri chini kwa chini makumi ya kilomita, halafu yanatokeza Mzima. Kwa hivyo gunia la mkaa likitoka Chyulu, usidhani ni shida ya watu wa bara peke yao. Mtungi wako umo ndani ya hiyo stori.

Tupige hesabu. Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo hii ni hesabu ya mtaani. Mzima hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Gawa kwa mtungi wa lita 20, unapata mitungi milioni 10. Tuseme kila mtungi ni mbao tu. Hiyo ni Sh200 milioni. Kwa siku moja!

Najua, najua. Hakuna anayeuza maji yote hayo, na viboko hawalipi kwa M-Pesa. Lakini wataalamu nao wanapiga hesabu za aina hii. Mwaka 1997, Robert Costanza na wenzake walikadiria kazi ambayo mazingira ya dunia nzima hutufanyia kuwa karibu dola trilioni 33 kwa mwaka. Wakati huo, hiyo ilizidi pato la nchi zote za dunia zikijumlishwa.

Njia rahisi ya kuelewa ni kujiuliza: hiki kitu kikipotea, kukibadilisha kutanigharimu nini? Bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, na maji yanateremka yenyewe kwa sababu chemchemi iko juu. Baricho lazima pampu, na pampu lazima umeme. Stima ikipotea, wewe ndiye unayejua foleni ya mitungi inavyokuwa. Kilima kinafanya kazi ya pampu na hakijawahi kutuma bili.

Ndio maana mwaka huohuo wa 1997, jiji la New York liliona afadhali liwalipe watu wa milima ya Catskill watunze misitu na mashamba yao, kuliko kujenga mtambo wa kuchuja maji wa mabilioni ya dola. Hapa Kenya, mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, ambapo wanaotumia maji chini wanachangia wakulima wa juu wachimbe matuta na kupanda miti, udongo usiteremke mtoni. Hata Chyulu kwenyewe kuna mradi wa kuuza hewa ya kaboni. Na kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza kaboni ya mikoko yao tangu 2013, na pesa zimesaidia shule na maji ya kijiji. Pwani hii hii, si Ulaya.

Lakini tahadhari. Ukishabandika bei, mtu anaweza kutokea na pesa akasema anauziwa. Wazee wetu wa kaya hawakuwahi kuuliza msitu ni shilingi ngapi. Walisema tu panga lisiingie, na misitu ya Kaya za Mijikenda bado ipo. Mwaka 2008 UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia. Basi hesabu iwe ya kumkumbusha anayepitisha bajeti kwamba bure haimaanishi haina thamani. Isiwe tangazo la mnada.

Sasa kazi yako ni hii. Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na ya kutosha. Kaunti ikiitisha maoni ya umma kuhusu bajeti ama bei ya maji, usiwaachie wazee pekee ule ukumbi. Nenda na mabeshte wawili, simama, uliza: katika kila shilingi mia tunayolipa, ngapi zinarudi kule juu maji yanakotoka?

Uliza kwa Kiswahili, na usikae chini hadi utajiwe takwimu.