Hii Vitamini ya Mwenzio Si ya Kununua Tu Dukani

Kuna swali nimeulizwa zaidi ya mara moja. Huku kwetu jua linawaka mwaka mzima, na shuleni tulifundishwa kwamba jua ndilo linalotupa vitamini D. Sasa inakuwaje mgonjwa wa figo aambiwe anahitaji dawa ya jamii hiyo hiyo? Na kwani ina ubaya gani kujinunulia tu dukani?

Nimeamua kulijibu hapa kwenye kurasa za wapendanao kwa makusudi. Ugonjwa wa figo haumkai mtu mmoja. Unaingia jikoni, chumbani na hata kwenye pochi, na mara nyingi anayekwenda duka la dawa ni yule mzima.

Jua linaanza, figo zinamalizia

Vitamini D ya jua au ya chakula ni kama mchele ulio kwenye gunia: ni chakula, ila huwezi kuula ulivyo. Ini huuosha na kuuinjika, halafu figo ndizo zinazouivisha. Mwaka 1970, watafiti Fraser na Kodicek wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba umbo hilo la mwisho hutengenezwa kwenye figo. Linaitwa kalsitrioli, na kwa kazi yake ni homoni kabisa.

Figo zikichoka, kalsitrioli inapungua, fosforasi inajaa kwenye damu na kalsiamu inaelekea kushuka. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi ambavyo kwa kawaida ni vinne, kila kimoja kidogo kama punje ya mchele. Vinaitwa paratairoidi. Kalsiamu ikishuka, vinamwaga homoni inayokwenda kuikopa kwenye mifupa. Tatizo ni kwamba deni hilo halilipwi. Mifupa inauma, inadhoofika na inaweza kuvunjika kirahisi, na mishipa ya damu inaweza kukakamaa. Mwanzoni mgonjwa anaweza asihisi kitu, ndiyo maana hupimwa damu.

Dawa iliyotengenezwa kuiga

Hapo ndipo zinapoingia dawa zinazoiga vitamini D iliyokwisha kuiva. Mojawapo ni parikalsitoli, iliyojulikana kwa jina la biashara la Zemplar. Marekani iliidhinisha sindano yake mwaka 1998 na vidonge mwaka 2005. Haingoji figo ziifanyie kazi. Inakwenda kuvituliza vile vitezi, na ilibuniwa kwa nia ya kutopandisha kalsiamu kama kalsitrioli yenyewe. Anayesafishwa damu kwa mashine anaweza kuchomwa sindano hiyo akiwa hapo hapo kwenye mashine.

Mwaka 2003 matumaini yalipanda sana. Kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 67,000 waliokuwa wakisafishwa damu Marekani zilionyesha kwamba waliotumia parikalsitoli waliishi zaidi kuliko waliotumia kalsitrioli. Lakini kusoma kumbukumbu si sawa na kuijaribu dawa. Mwaka 2012 yalitoka majibu ya jaribio la PRIMO, lililokuwa na wagonjwa 227 ambao hawajafikia kusafishwa damu. Baada ya wiki 48, misuli ya moyo haikuonyesha nafuu iliyotarajiwa, na kalsiamu ilipanda zaidi kwa waliopewa dawa.

Mwaka 2017, KDIGO, shirika la kimataifa linaloandika miongozo ya figo, lilishauri dawa hizi zisitolewe kama kawaida kwa ambao hawasafishwi damu, isipokuwa pale homoni ya paratairoidi imepanda sana na inazidi kupanda. Kwa wanaosafishwa damu, zilibaki kuwa mojawapo ya njia za tiba.

Mapenzi ya kwenye mfuko wa dawa

Namjua kaka mmoja ambaye mkewe alikuwa anachomwa sindano ya jamii hii. Siku moja akarudi na mfuko umejaa. "Mama watoto, nimekuletea vitamini D na kalsiamu, mifupa ipate nguvu." Mkewe akamjibu, "Asante baba, ila tumuulize daktari kwanza." Kaka wa watu akanuna siku mbili!

Kumbe mama alikuwa sahihi. Ukiongeza vidonge hivyo juu ya dawa, kalsiamu inaweza kupanda kupita kiasi: kichefuchefu, choo kigumu, kiu, kuchanganyikiwa, hata mapigo ya moyo kwenda ovyo. Dawa za kiungulia zenye alumini nazo si za kujinunulia. Na homoni ikishushwa mno, mifupa inashindwa kujijenga upya. Ndiyo maana dozi hupandishwa na kushushwa kwa kufuata vipimo.

Basi wewe mwenzi ufanye nini?

Kwanza, nenda naye kliniki na uulize mambo matatu: kalsiamu ikoje, fosforasi ikoje, na homoni ya paratairoidi ikoje. Yaandikeni pamoja na tarehe ili muone yanakoelekea.

Pili, angalieni sahani. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na soda nyeusi huongeza fosforasi. Usimpikie mwenzio chakula cha peke yake kama mtoto aliyeadhibiwa. Ombeni ushauri wa mtaalamu wa lishe, kisha mle wote. Kama amepewa dawa ya kuzuia fosforasi, imezwe wakati wa chakula, si saa mbili baadaye.

Tatu, kila dawa mpya, hata ya mitishamba, ionyeshwe kwa daktari kabla ya kumezwa.

Na wewe kaka au dada unayetaka kumletea mgonjwa wako zawadi, mletee khanga, shuka jipya au muda wako. Vitamini muachie daktari.