Timu iliyofutwa, kombe likaja

Kila nikiambiwa timu ya wasichana ifutwe kwa sababu "wachezaji hakuna", naikumbuka Northwestern ya Marekani. Wanacheza lakrosi, yaani kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu. Ubingwa wa NCAA wa wanawake ulianza mwaka 1982, Massachusetts wakautwaa. Baadaye Maryland wakabeba saba mfululizo, 1995 hadi 2001. Northwestern je? Chuo kiliifuta timu mwaka 1992, ikabaki klabu tu, ikarudishwa 2002. Kocha Kelly Amonte Hiller, aliyewahi kuchezea Maryland hiyohiyo, aliona mapacha wakikimbia chuoni, akawaita kikosini. Lakrosi hawajawahi kucheza, jamani! Mwaka 2005 wakawa mabingwa bila kufungwa hata mechi moja, na kombe halikutoka Northwestern mpaka 2010.