Tuondoe kwanza jina

Bandugu, juzi tulibishana sana juu ya Hunter Biden, mtoto wa aliyekuwa Prezida wa Marekani: alionewa ao hapana? Mimi naondoa kwanza jina kwenye dosie. Inabaki mtu aliyenunua bastola Delaware, Oktoba 2018, akaandika kwenye fomu kwamba hatumii madawa ya kulevya, kumbe anatumia. Juni 2024 akakutwa na hatia kwa makosa 3. Wanaomtetea wanasema mtu wa kawaida hashitakiwi mara nyingi kwa kosa hilo peke yake. Swali la haki kabisa. Lakini Desemba 2024 baba yake akamsamehe. Mtoto wa Katuba angesamehewa na nani? Kama jina ndilo lilimpeleka tribinali, alionewa. Kama jina ndilo lilimtoa, basi sisi wengine ndio tumeonewa. Ninyi munasema nini?