Je, Wajua? Mikanda, Magwanda na Vumbi la Kalama

Je, wajua kwamba koti la judo laweza kuuzwa kama koti la mpishi? Nililikuta soko la mitumba mjini Machakos, chini ya rundo la mashuka. "Hiyo ni ya mpishi, kastoma. Mpishi wa hoteli kubwa. Si unaona uzito?" Uzito niliuona. Lakini mpishi gani avae koti lililofumwa kama punje za mchele, kola yake nene kama kamba ya ng'ombe? Lilikuwa limefungwa kwa mkanda wa kahawia ulioanza kutoa nyuzi ncha zote mbili. Sikubishana naye, maana ukimwelimisha muuzaji unapandisha bei. Tulipoelewana, mkanda akaniachia bure. "Huo wa kuongezea, mama."

Koti nilimnunulia kijana wa huku Kalama, kwenye vilima vya kusini mwa mji wa Machakos, ambako watoto kadhaa hufanya mazoezi kila Jumamosi chini ya mwembe.

Je, wajua kwa nini koti la judo ni zito na la karate ni jepesi? Mcheza judo hukamatwa koti akavutwa, akanyanyuliwa, akatupwa. Kitambaa chepesi kingechanika dakika ya kwanza. Mcheza karate hakamatwi hivyo. Yeye anataka kitambaa kikavu kinacholia "pa!" mkono ukinyooka. Basi mzazi ukiambiwa "nunua gwanda," uliza kwanza la mchezo gani. Na kama ni pamba mpya, chukua kubwa kidogo, kwa kuwa litarudi likifuliwa. Usilitie Jik. Weupe utaupata, nyuzi utazipoteza.

Je, wajua kwamba mikanda ya vyeo si ya kale kama sinema zinavyotuaminisha? Jigoro Kano alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, mwaka 1882 katika hekalu moja mjini Tokyo. Mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wawili, Tsunejiro Tomita na Shiro Saigo, daraja la kwanza la dani. Neno hilo hakulibuni: alilichukua kwenye go, mchezo wa kete za mawe unaochezwa kwenye ubao, ambao wachezaji wake walikuwa wakipangwa kwa dani tangu zamani. Kumbe cheo cha watupanaji kilitoka kwa watu waliokaa kitako wakifikiri.

Na karate? Gichin Funakoshi aliileta Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, akaionyesha hapo hapo Kodokan kwa Kano. Aprili 1924 akatoa dani zake za kwanza. Gwanda jeupe, mkanda, madaraja: karate iliazima kwa jirani.

Je, wajua hadithi ya kwamba mkanda mweusi ni mweupe uliochafuka kwa miaka ya jasho? Nzuri sana, na si kweli. Kano aliwafunga wanafunzi wake wa dani mkanda mweusi katika miaka ya 1880 ili watambulike, basi. Gwanda jeupe lilikuwa la kufuliwa, na mkanda nao ni nguo. Hapa Kalama, kwenye udongo mwekundu, ungeacha kufua ungepata cheo cha rangi ya matofali ndani ya wiki mbili.

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa karate huhesabu kurudi nyuma? Katika shule nyingi anaanza daraja la kyu, ya 10 au ya 9, anateremka hadi ya 1, kisha anaingia dani na kuanza kupanda: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dani ya kwanza huitwa shodani, na hiyo "sho" maana yake ni mwanzo. Ukifika pale ambapo majirani wanadhani umemaliza, Wajapani wanakuambia ndiyo kwanza umeanza.

"Sensei" nalo, yaani mwalimu, kwa herufi zake ni aliyezaliwa kabla. Mzee, kwa hiyo. Mtoto wa Kikamba aliyefunzwa kumpisha mzee njiani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Je, wajua kwamba Wakamba walikuwa na madaraja yao kabla mkanda wowote haujafika? Kijana wa rika la vita na ngoma aliitwa mwanake. Akioa na kuanza familia anaingia nthele. Baadaye ndipo huja utumia, yaani uzee, na uzee wenyewe una ngazi: wako wazee wa nzama, baraza la kuamua kesi, na wako wazee wa ithembo, mahali pa kutambikia. Kupanda hakukuja kwa umri pekee. Ulitoa mbuzi, wazee wakala, na kwa kula kwao wakakubali kuwa sasa wewe ni mwenzao. Ada ya mtihani wa mkanda, ambayo wazazi wengi huilalamikia (na mimi nimo), ina mjomba wake wa zamani. Tofauti ni kwamba ile ya mbuzi ililiwa mbele ya watu waliokujua tangu utotoni, na huwezi kumdanganya jirani aliyekuona ukikimbia fisi.

Kuhusu silaha, Mkamba ni uta na mishale. Wajua kwa nini kichwa cha mshale wa sumu kilifungwa kwa ngozi nyembamba? Ili sumu isikauke wala kufifia kabla ya kazi, na ili mwenye mshale asijichome mwenyewe. Sumu hiyo hupikwa kutoka kwa mti wa msunguti, na kiini chake ni kemikali inayoushambulia moyo. Wanakemia huiita ouabain, jina lililotokana na Kisomali. Mishale ilitiwa alama ya mwenyewe pia, mnyama akianguka pasiwe na ugomvi juu ya nani aliyempata. Ukinionyesha mkanda uliodariziwa jina la mwenyewe, nakumbuka mishale hiyo.

Je, wajua kwamba "ombasha," cheo ambacho babu zetu wengi wa Ukambani walikivaa begani katika KAR, jeshi la Wafalme wa Uingereza huku Afrika Mashariki, ni Kituruki? On ni kumi, baş ni kichwa: mkuu wa watu kumi. "Afande" pia ni mgeni wa huko huko, efendi. Wakamba walijiandikisha kwa wingi sana katika jeshi hilo, na mmoja wa wana wa Machakos, Jackson Mulinge, alianza kama askari wa kawaida wa KAR akaishia kuwa Jenerali na Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Ngazi kama hiyo inaeleweka vijijini. Kila mtu anajua tepe moja ni nini, na tatu ni nini. Mkanda wa bluu wa karate, je? Inategemea shule. Kuna penye bluu juu ya kijani, kuna penye kijani juu ya bluu, na kuna pasipo na bluu kabisa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mkanda mweusi unauzwa dukani kwa yeyote mwenye hela. Kinachouliziwa ni cheti, na jina la aliyetia saini. Taekwondo ni mfano mzuri. Jenerali Choi Hong Hi aliunda shirikisho la ITF mwaka 1966. Mwaka 1973 likazaliwa shirikisho jingine Seoul, linaloitwa sasa World Taekwondo, ambalo ndilo lililouingiza mchezo katika Olimpiki, na vyeti vya dani vya upande huo hutolewa na Kukkiwon. Mtu aweza kuwa mwalimu mkubwa upande mmoja, upande wa pili akaombwa afanye mtihani upya. Kabla ya kulipa ada, mzazi, uliza cheti kinatoka kwa nani. Swali hilo halina ufidhuli wowote, na mwalimu anayelikasirikia amekwisha kulijibu.

Je, wajua kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi dani na Kukkiwon? Hupewa pumu, na mkanda wake ni nusu mwekundu, nusu mweusi. (Hapana, si ule ugonjwa wa kifua. Kikorea na Kiswahili vimegongana tu.)

Kwa taekwondo, Kenya imefika mbali kuliko tunavyokumbuka: Dickson Wamwiri alipigana Beijing 2008, na Faith Ogallo akafuzu kwa Michezo ya Tokyo kupitia mchujo wa Afrika uliofanyika Rabat, Februari 2020. Na kule wafikako hao, wajua ni nani anayehesabu mateke? Fulana. Tangu London 2012 kizibao cha kifuani cha Olimpiki kina vihisio vinavyopima nguvu, na tangu Rio 2016 kofia nayo. Kwa kanuni za Tokyo teke la kifuani lilikuwa pointi 2, la kichwani 3, na la kuzunguka liliongezewa 2 juu yake. Fulana haijui dani ya mtu.

Ndondi haina vyeo hivi kabisa. Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988 bila kyu wala dani. Mkanda wa bondia wa kulipwa ni mali ya muda, na atanyang'anywa na atakayemshinda. Wa karate haunyang'anywi ulingoni. Ukizeeka, ukinenepa, ukishindwa na kijana wa kyu ya 3, bado ni wako. Sijaamua bado ni upi ulio wa haki zaidi.

Pwani nako wana fimbo zao: kirumbizi cha Lamu, wawili wanaingia kati, ngoma inalia, wanapimana. Makunduchi, Unguja, kila Julai katika Mwaka Kogwa wanaume huchapana kwa mashina ya migomba hadi vinyongo vya mwaka vitoke. Huko hakuna anayepandishwa daraja, na jioni wote wanakula pamoja.

Je, wajua kwamba kwa kizazi changu mkanda wa kwanza ulikuwa wa video? Neno letu ni lile lile. Tulilipa kiingilio, tukakaa kwenye viti vya mbao, mkanda ukaanza, na Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973 akiwa na miaka 32 tu, akawa mwalimu wetu. Siku hizi DJ Afro huwatafsiria vijana filamu kama hizo, hata yale ambayo mpigaji hakuyasema. Lee mwenyewe alibuni madaraja ya wanafunzi wake kwa duara za rangi. Ya kwanza ilikuwa duara tupu. Ya mwisho pia.

Huko Dar es Salaam, wakati huo huo wa miaka ya 1970, Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani alikuwa akifundisha Goju-ryu, mtindo wa karate, na shule ya Zanaki ikawa maarufu kwa karate. Zanzibar judo ilishika mizizi kwa mkono wa Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia kisiwani akaanza kufundisha vijana. Na Andrew Thomas Mlugu wa Tanzania amecheza judo ya Olimpiki mara mbili, Rio 2016 na Paris 2024.

Kuna mama mmoja ambaye kisa chake sichoki kukisimulia. Keiko Fukuda alizaliwa Tokyo mwaka 1913, mjukuu wa mwalimu aliyemfundisha Kano jujutsu. Alianza judo mwaka 1935. Akapanda hadi dani ya 5, akakwama hapo miaka na miaka. Ujuzi alikuwa nao. Kanuni ndiyo iliyosema mwanamke asipite. Hata mkanda mweusi wa wanawake wa Kodokan ulipitishwa mstari mweupe katikati, ionekane. Mwaka 1972, baada ya barua nyingi kuandikwa, alipewa dani ya 6. Dani ya 9 ya Kodokan aliipata mwaka 2006, na mwaka 2011 Marekani, alikokuwa akiishi na kufundisha, wakampa ya 10. Alikuwa na miaka 98. Alifariki Februari 2013. Wasichana wa Kalama nilipowasimulia, mmoja aliuliza swali moja tu: "Na hao waliomkataza, wao walikuwa dani ya ngapi?"

Je, wajua somo la kwanza la judo ni lipi? Kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo mviringo, mkono unapiga chini kando ya mwili ili kishindo kisambae. Hakuna kumtupa mwenzio kabla hujajua kutupwa. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye mahali pa kuangukia. Wasio na mikeka ya dukani hupanga matairi mabovu, wakalaza mbao, wakamwaga unga wa mbao na kukaza turubai juu. Mvua ikiingia unga unashikana na kuoza, kwa hiyo paa ni sehemu ya vifaa. Kinga ya meno ndiyo ya pili kwenye orodha yangu. Mkanda wa rangi uko chini kabisa, baada ya chupa ya maji.

Miguu ya Kalama haihitaji mashine. Mteremko wote umekatwa ngazi za shamba, zile za "fanya juu," ambazo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limetoka Machakos likaingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Mtoto aliyepanda ngazi hizo akifuata punda wa maji ana mapaja tayari.

Koti langu la mpishi lilimtosha yule kijana, ukiacha mikono iliyopungua vidole viwili. Mwalimu aliugeuza geuza mkanda wa kahawia, akatazama herufi za Kijapani zilizodariziwa kwenye ncha. "Mwenye huu aliutolea jasho," akasema, kisha akamfunga kijana mweupe. Wa kahawia ameupitisha kwenye tawi la mwembe, akaukaza mafundo mawili. Ndio unaoshikilia gunia la kupigia mateke.