Wawindaji wa Wisconsin na kulungu wazee wa kinamasini

JUMAMOSI inayotangulia sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, huanza msimu wa siku 9 wa kuwinda kulungu kwa bunduki katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Mamia ya maelfu ya watu hukata leseni. Kabla jua halijachomoza, maegesho ya magari kando ya mapori ya umma huwa yamekwisha kujaa.

Swali linaloulizwa kila mwaka ni lile lile: madume wazee wenye pembe pana, walioonekana wakila mashambani majira ya joto, wamekwenda wapi? Jibu, kwa sehemu kubwa, limo ndani ya kinamasi.

Mnyama anayezungumziwa ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye Kiswahili humwita kulungu kwa kukosa jina lake hasa. Dume wa kulungu wa Afrika Mashariki hubaki na pembe zake maisha yote, lakini huyu wa Marekani huziangusha kila mwaka baada ya majira ya kupandana na kuotesha nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikaribia kutoweka katika majimbo mengi kwa sababu ya biashara ya nyama na ngozi. Leo wapo mamilioni, na kuuza nyama ya kulungu aliyewindwa ni marufuku.

Chini ya sheria za Marekani, wanyamapori si mali ya mwenye shamba bali ya umma. Ardhi wanamoishi ndiyo yenye mwenyewe, na sehemu kubwa ya ardhi ya Wisconsin ni ya watu binafsi. Mfanyakazi wa kiwandani Milwaukee asiye na shamba wala jamaa mwenye shamba hubakiwa na mapori ya umma tu. Huko hukutana na wenzake wengi wa hali kama yake.

Wingi huo wa watu ndio unaobadilisha tabia ya mnyama. Pale ambapo uwindaji ni mkali, madume wengi huuawa wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Yule anayefikisha miaka minne au mitano amekwisha kujifunza mlio wa mlango wa gari, njia ambazo watu hupita na saa wanazopita. Hahami wilaya, husogea mita mia kadhaa tu, hadi mahali ambapo watu hawapendi kufika, na mchana kutwa hulala akicheua. Hutoka kula giza likiingia.

Mfano mzuri ni kinamasi cha Horicon, chenye ukubwa wa takriban hekta 13,000, kusini-mashariki mwa jimbo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijaribu kukikausha ili kupata mashamba, wakashindwa, na baadaye maji yakarudishwa. Kwa mbali huonekana kama bahari ya matete isiyo na kitu. Hata hivyo, ndani yake mna vinundu vya ardhi kavu, vingine havizidi ukubwa wa chumba, vyenye mti mmoja au kichaka. Hapo ndipo dume mzee hulala. Hupenda kulala upepo ukitokea mgongoni, hivyo kinachokuja kwa nyuma hukinusa na kinachokuja kwa mbele hukiona. Kinachopita majini hukisikia.

Kwa hiyo mwindaji hodari wa kinamasini huanza kwa kuwachunguza binadamu wenzake. Hutazama magari yameegeshwa wapi na nyayo za viatu zinakoma wapi. Watafiti waliofuatilia wawindaji katika jimbo la Pennsylvania mwanzoni mwa miaka ya 2000 walibaini kuwa wengi wao hawaendi mbali na barabara. Lakini umbali pekee si kinga, kwani dume anaweza kulala karibu kabisa na maegesho, mradi kati yake na magari pawe na mfereji wa maji yanayofika kiunoni. Watu humpita wakielekea mbali.

Kazi kubwa hufanyika baada ya msimu, mwezi Machi au Aprili, matete yakiwa yamelala na njia za wanyama zikionekana wazi. Wakati huo vinundu hukaguliwa kimoja kimoja, hutafutwa mahali palipolaliwa na manyoya yaliyobaki, na huandikwa ni upepo gani unaofaa kila kimoja. Msimu ukifika, mwindaji huvaa suruali ya mpira inayofika kifuani au hupiga kasia polepole, akajificha ukingoni ambako mnyama atapita dakika chache kabla ya giza. Upepo ukigeuka, huondoka. Jioni hewa hupoa na kuteremka kuelekea majini, ikibeba harufu ya mtu, na wengi wamepoteza siku nzima kwa kulisahau hilo.

Sheria humtaka avae rangi ya chungwa inayong'aa au ya waridi wakati wa msimu wa bunduki. Kulungu haioni rangi ya chungwa kama binadamu aionavyo. Binadamu mwenye bunduki huiona, na hiyo ndiyo faida yake.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni maji yenyewe. Mwezi Novemba hukaribia kuganda, na aliyeteleza peke yake jioni anaweza kupoozwa na baridi kabla hajafika nchi kavu. Kisha kuna mzigo: dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 90, na tope halivutiki juu yake kitu. Baadhi humpasua na kubeba vipande mgongoni. Kwa hiyo, wenye busara huamua njia ya kutokea kabla ya kufyatua risasi.

Tangu mwaka 2002 Wisconsin inakabiliwa pia na ugonjwa usiotibika unaoharibu ubongo wa kulungu, na madume wazima ndio wanaopatikana nao zaidi. Haijathibitishwa kuwa umewahi kumwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Hivyo katika maeneo yenye ugonjwa, mwindaji aliyetumia miezi kumtafuta dume mmoja hupeleka kichwa chake kupimwa, hufunga nyama kwenye friza, na kusubiri majibu.