Tusiwapokonye Wazee Miguu Yao



Sisi mafrateri wa falsafa tunafanya utume wetu kila Jumamosi katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka seminarini. Tulipoanza, tulijipangia kazi kwa moyo mweupe: kufua, kufagia, kuteka maji, kuwalisha wasioweza kula wenyewe, na kuwapeleka wazee kikanisani kwa Misa ya jioni.

Mzee mmoja, ambaye hapa tutamwita Babu tu, alikuwa akitembea na fimbo yake kutoka chumbani hadi kikanisani, kama hatua mia moja hivi. Alitumia karibu robo saa, akisimama mara tatu kupumzika. Sisi tuliona anachelewa, tena anateseka bure. Tukamletea kiti cha magurudumu, safari ikawa ya dakika mbili. Babu alishukuru, nasi tukafurahi. Kiti tukakiacha mlangoni pake, na siku za katikati ya wiki wahudumu nao wakafuata mfano wetu: Babu akasukumwa kwenda kula, akasukumwa kwenda kuota jua.

Hayo yalianza na Kwaresima. Ilipofika Pentekoste, Babu hakuweza tena kuinuka kitini bila watu wawili kumshika. Hakuwa ameanguka wala hakuwa ameugua. Sista muuguzi alipotuita hakutukaripia. Alituuliza tu: "Mafrateri, mara ya mwisho Babu kutembea ilikuwa lini?" Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma na kuuliza. Tunawashirikisha tuliyojifunza, kwa sababu kosa letu linaweza kufanyika katika nyumba yoyote ya wazee, hata nyumbani kwako unakoishi na bibi yako.

Misuli isiyotumika hupungua

Kila mtu hupoteza misuli kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga. Lakini kukaa bila kujongea huharakisha jambo hilo mno. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kama hali ni hiyo kwa wazee wazima, je, Babu aliyekaa kitini miezi mitatu?

Misuli ikipungua, mambo mengine hufuata. Mzee hukosa mizani, akakosa mizani huogopa kuanguka, na akiogopa hukaa zaidi. Choo hakipatikani vizuri, usingizi hupotea, ngozi ya makalio huanza kupata vidonda, na moyo huzama katika huzuni. Mwishowe tunasema, "Ni uzee tu." Si kweli kila mara. Mara nyingine ni kiti.

Umri wa miaka 90 si kizuizi

Habari njema ni kwamba mwili wa mzee bado hufundishika. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika nyumba ya wazee mjini Boston, Marekani. Wazee 10, wenye umri wa miaka kama 90, walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8, wakisimamiwa na wataalamu. Mmoja hakumaliza. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu ya misuli ya mapaja iliongezeka, kwa wastani, zaidi ya maradufu. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mwendo wa wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya mizani angalau siku 3. Mhudumu wa nyumba ya wazee akisikia dakika 150 anaweza kukata tamaa. Lakini mwongozo huohuo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kila mmoja aanze pale alipo.

Yanayowezekana hapa kwetu

Hatuna mashine za mazoezi, wala hazihitajiki ili kuanza. Haya ndiyo tunayoyafanya sasa, kwa maelekezo ya sista muuguzi, ambaye humpima kila mzee kwanza na kusema nani afanye nini.

Kuinuka na kukaa. Mzee hukaa kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani. Anainuka polepole, anasimama kidogo, anakaa tena polepole. Anayeanza atumie mikono kujisukuma. Mara tano zinatosha mwanzoni. Zoezi hili dogo ndilo linalomwezesha mtu kwenda chooni mwenyewe, na anayekwenda chooni mwenyewe amebaki na heshima kubwa.

Mazoezi ya kukaa. Wasioweza kusimama wananyoosha goti mguu mmoja baada ya mwingine, wanapandisha visigino, wanainua chupa ndogo za maji kwa mikono. Tunafanya haya tukiimba. Mabibi wakianza wimbo, mikono inakwenda yenyewe.

Kutembea kwa vituo. Njia ya kwenda kikanisani tumeiwekea viti vitatu. Mzee anatembea hadi kiti cha kwanza, anapumzika, anasali Salamu Maria chache, anaendelea. Wanaokwenda mbali zaidi husali rozari wakizunguka ua.

Kazi za kawaida. Hili ndilo lililotufundisha zaidi. Bibi mmoja alikataa katakata kuinua chupa. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi si mtoto wa chekechea. Nipe ungo." Tukampa ungo na mchele. Alipepeta, akachagua mawe, akainuka mwenyewe kwenda kumwaga makapi, kisha akatuambia tunapika wali mbaya. Sasa wako wanaopukuchua mahindi, wanaomwagilia mchicha kwa kikopo, na wanaokunja nguo. Mtu mzima huinuka upesi zaidi akiwa na sababu ya kuinuka.

Tahadhari nazo zipo. Mzee avae viatu vinavyoshika mguu, si ndala zilizolegea. Sakafu iwe kavu. Anayetumia dawa za presha asisimame ghafla, maana anaweza kupata kizunguzungu; akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuhema kupita kiasi ni ishara ya kuacha mara moja na kumwita muuguzi. Aidha, misuli haijengwi kwa uji mtupu: maharage, dagaa, mayai na maziwa vina kazi yake. Na asiyetaka leo asilazimishwe. Tunamwuliza tena kesho.

Falsafa yetu ilikuwa wapi?

Darasani tulikuwa tumefundishwa na Aristotle kwamba roho si abiria ndani ya mwili, bali ndiyo inayoufanya mwili huo kuwa hai. Mtakatifu Thomas wa Akwino alishika fundisho hilo na kusisitiza kwamba mtu ni roho na mwili pamoja. Tulijibu maswali hayo vizuri kwenye mtihani. Lakini Jumamosi tuliushughulikia mwili wa Babu kama mzigo wa kufikishwa Misani, tukidhani kilicho muhimu ni roho yake iwahi. Kumbe ile robo saa ya kutembea na fimbo ilikuwa tayari sehemu ya sala yake. Tulimnyang'anya hija yake ndogo.

Injili ya Marko inasimulia habari za mama mkwe wa Simoni aliyekuwa amelala na homa. Yesu alimshika mkono, akamwinua, na homa ikamwacha. Naye akaanza kuwatumikia. Hatusomi kwamba mitume walimwambia, "Kaa tu mama, sisi tutafanya." Kuinuliwa kwake na kutumika kwake vinakwenda pamoja. Ndivyo tunavyoelewa sasa kazi ya mhudumu wa wazee: kutoa mkono, si kuchukua nafasi ya miguu.

Hatutaki kusema kwamba kiti cha magurudumu ni kibaya. Wapo wasioweza kabisa kutembea, na kwao kiti ni rehema. Wapo pia waliokaribia mwisho, ambao wanahitaji kugeuzwa kitandani kwa upole na kuketi na mtu wa kuwashika mkono. Upendo hupima. Swali la kujiuliza kabla ya kusaidia ni moja: je, hili analiweza mwenyewe, hata kwa polepole? Kama analiweza, basi msaada wetu ni subira.

Babu bado hajafika kikanisani kwa miguu yake. Baada ya wiki nyingi za kuinuka na kukaa, sasa anatembea, huku mmoja wetu akiwa kando yake, hadi kiti cha pili. Kutoka hapo tunamsukuma. Jumamosi iliyopita tulichelewa Misa naye, na Padre alitungoja. Babu alipoingia alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mniwie radhi, leo nimekuja kwa miguu."

Hatukumsahihisha.