Kwa nini mbu wa maabara huhitaji kitambulisho

JINA la mji wa Kisumu limevuka mipaka ya Kenya kwa njia ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Katika maabara za utafiti wa malaria duniani, ‘Kisumu’ ni nasaba ya mbu aina ya Anopheles gambiae ambao asili yao ni eneo hilo, na ambao wamefugwa vizimbani kizazi baada ya kizazi.

Sifa kuu ya mbu hawa ni kwamba hawana usugu dhidi ya dawa za kuua wadudu. Kwa sababu hiyo wao ndio kipimo: dawa au chandarua kikijaribiwa, matokeo ya mbu wa mashambani hulinganishwa na yao. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mbu wakifa asilimia 98 au zaidi huhesabiwa kuwa hawana usugu. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Kati ya viwango hivyo, uchunguzi zaidi huhitajika.

Lakini itakuwaje iwapo kipimo chenyewe kimeharibika?

Maabara nyingi hufuga nasaba kadhaa chini ya paa moja. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa akiponyoka na kuingia kizimba cha jirani, au viluwiluwi wachache wakisalia katika beseni lisilosafishwa vyema, damu huchanganyika. Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, huoza wote.

Macho hayawezi kugundua kasoro hiyo. Hata chini ya darubini, Anopheles gambiae na ndugu yake Anopheles arabiensis hawatofautiani, ingawa tabia zao ni mbalimbali: wa kwanza hupendelea mno damu ya binadamu, ilhali wa pili hufyonza pia ya ng’ombe.

Hapo ndipo sayansi ya jeni inapoingia. Mwaka 1993, wataalamu walieleza njia ya kuwatenganisha ndugu hawa kwa mbinu ya PCR, ambayo hurudufu kipande cha DNA hadi kiweze kupimwa urefu. Kipande cha gambiae huwa na herufi 390 za jeni, na cha arabiensis 315. Mguu mmoja wa mbu hutosha kwa kazi hiyo.

Kazi ngumu zaidi ni kutofautisha nasaba zilizo za spishi moja. Wataalamu hutazama sehemu za DNA ambamo herufi chache hujirudia mfululizo, kwani idadi ya marudio hutofautiana baina ya nasaba na nasaba. Mwaka 2009, watafiti nchini Marekani walichapisha utaratibu wa kutumia alama hizo kuhakiki mbu wa maabara mara kwa mara. Aidha, huchunguzwa badiliko la jeni liitwalo kdr, ambalo huwapa mbu usugu. Sura yake ya Afrika Mashariki ilielezwa mwaka 2000 kutokana na mbu wa Kenya. Likionekana katika nasaba inayodaiwa kuwa haina usugu, hiyo ni ishara ya hatari.

Madhara ya kupuuza uhakiki huo si madogo. Mbu wa kipimo wakipata usugu kisirisiri, chandarua kizuri chaweza kudhaniwa kibovu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: nasaba sugu ikichanganyika na isiyo sugu, dawa dhaifu itawaua wengi maabarani na kupata sifa isiyostahili, kisha ishindwe kijijini.

Ndiyo maana maabara makini hufunika vizimba, huandika majina juu ya kila chombo, huhifadhi sampuli za vizazi vilivyopita na kupima mbu kadhaa, wala si mmoja, kila baada ya muda. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya mtoto kuugua malaria akiwa amelala ndani ya chandarua ambacho wazazi wake waliambiwa ni madhubuti.